Wimbo Bila Ngoma

Kijiji kilikuwa kimekwisha kuhukumu kabla mkutano haujaitishwa. Tangu wimbo wa Ngusa uingie kwenye simu za vijana, kila baya lililotokea kati ya pale na Kagongwa lilibandikwa wimbo huo. Binti akichelewa kisimani, ni wimbo. Bodaboda akiangukia mtaroni, ni wimbo. Mama mmoja alifiwa na mbuzi kwa minyoo, naye akaapa kwamba mbuzi alianza kudhoofu siku ile jirani alipofungulia spika.

Serafina hakuwacheka watu hao, maana naye alikuwa na lake. Miezi miwili iliyopita mwanawe Stanslaus, kijana wa miaka kumi na tisa, alifungua zizini jozi ya maksai wa kulimia, akawauza mnadani, akaenda Geita kuchimba dhahabu. Hakuaga, na laini yake ya simu haikupatikana tena. Kila redio iliposema shimo limefukia wachimbaji, Serafina aliacha kila alilokuwa akifanya hadi majina yasomwe yote.

Mumewe Donatus ndiye aliyepeleka shauri kwa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Wimbo wenyewe unaitwa "Jozi ya Baba", alisema, na mwenye macho haambiwi tazama. Alitaka Ngusa atengwe, yeye pamoja na mama yake: wasisalimiwe, wasipewe moto wala maji, mahindi yao yasisagwe mashineni, na wakifiwa wazike wenyewe. Huku kwetu watu huiogopa adhabu hiyo kuliko jela. Jela angalau wanakusemesha.

Serafina alikuwa upande wa mumewe mia kwa mia. Asubuhi ile alijikaza khanga kiunoni, akaenda mkutanoni, akaketi na wanawake, ubavuni mwa Justa, shoga yake wa siku nyingi. Justa alikuja kumpa moyo tu. Mwanawe mwenyewe, Enock, alikuwa salama kwa mjomba wake kule Songwa, akimsaidia dukani.

Donatus alisema sana, na alisema vizuri. Alieleza jinsi muziki wa siku hizi unavyowaharibu watoto waliolelewa na wazazi wenye adabu, na wazee wakagonga fimbo chini kumuunga mkono. Kisha ntemi, yaani mkuu wa sungusungu, Mzee Mayala, akauliza ni nani kati yao anayeyajua maneno ya wimbo huo.

Watu wakatazamana. Vijana waliyajua, lakini vijana walikuwa wameinamisha vichwa. Wazee wao walikuwa wakisikia mdundo tu, ule unaotikisa masufuria kabatini, wakafunga madirisha na kulaani. Hata Donatus, mwenye shauri, alikiri kwamba hajawahi kukaa akausikiliza upuuzi huo. Basi Mayala akamwamuru Ngusa auimbe pale pale bila ngoma wala kinanda, polepole, kila neno lisikike.

Ngusa alikuwa kijana mwembamba wa miaka ishirini na minne. Kabla ya kujulikana alikuwa akiongoza kikundi cha ngoma za kulimia, wale wanaoalikwa shambani kwa mtu wakalima kwa kufuata mapigo. Sauti yake bila spika ilikuwa ndogo, hata ya kuhurumiwa. Aliimba habari za kijana aliyeuza jozi ya baba yake, akashuka shimoni siku arobaini, na siku ya arobaini dhahabu ikatoka. Akarudi nyumbani na bati za nyumba nzima. Baba yake, aliyekuwa akimngoja na panga, akalitupa panga na kumwita mwanamume.

Serafina aliinua kichwa. Siku arobaini, panga, bati. Alikuwa akiyasikia maneno hayo kila mwaka tangu aolewe, siku ya kulima, walimaji wakishaketi kula ugali na nyama na pombe ikianza kuzunguka. Hapo ndipo Donatus husimama, akapandisha suruali, akaanza: mnaniona hivi, mimi niliuza jozi ya baba yangu. Na yeye Serafina, aliyekuwa akijaza vikombe, alikuwa na kazi nyingine. Hadithi ikifika kwenye panga alicheka kabla ya wengine, wageni wajue kwamba hapo ni pa kucheka. Stanslaus alikuwepo, mwaka hadi mwaka, tangu akiwa mtoto wa kukaa karibu na chungu, hajacheka hata mara moja, macho kayakodoa kwa baba yake.

Na mwaka juzi kikundi kilichowalimia kilikuwa cha Ngusa.

Alimtazama mumewe. Donatus alikuwa akikagua kucha zake. Kama jana hakujua, sasa alijua, na alikuwa amenyamaza. Serafina hakuamini macho yake. Mwanamume aliyezaa naye watoto alikuwa tayari kumwacha mama wa mwenzake anyimwe maji ya kunywa kwa maneno yaliyotoka kinywani mwake yeye.

Mayala akamuuliza Ngusa ameyatoa wapi maneno hayo. Ngusa alisema ameyaokota kwa watu. Alipobanwa ni watu gani, akajibu kwamba hawezi kuitangaza vibaya nyumba iliyomlisha. Mayala akasema asiyetaja atabeba mwenyewe, akawaambia wanaotaka atengwe wainue fimbo. Fimbo zilianza kuinuka, na mama yake Ngusa akaanza kulia, kilio kile cha chinichini cha mtu anayeona aibu kulia.

Ndoa ya miaka ishirini na miwili si kitu cha kutupa mbele za watu. Serafina aliliwaza hilo, akaiwaza na kesho yake, atakaporudi kupika katika nyumba ile ile. Lakini miguu ilikuwa imekwisha kusimama.

"Ni nyumbani kwangu," alisema. "Maneno hayo ni ya Baba Stanslaus. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiyachekea."

Nyuma yake mwanamke mmoja alinong'ona kwamba nyani haoni kundule, na hakuna aliyemkanya. Mayala alimgeukia Donatus. Alikuwa mtu mzima tayari wakati Donatus ni kijana, na sasa alionekana mwenye kushangaa kuliko mwenye hasira.

"Donatus," alisema, "mimi nilikuwepo siku uliyorudi. Bati gani?"

"Hizi tunazolala chini yake, ntemi," Serafina akadakia, maana hilo alikuwa na uhakika nalo. Bati hizo ndizo walizoonyeshwa wazazi wake alipoposwa.

Donatus alikaa chini. Alizungumza akitazama vumbi, na ilibidi watu wasogee wamsikie. Alisema alirudi kwa miguu, anatetemeka kwa homa, hana hata viatu. Bati alinunua baba yake. Mzee yule, akiwa hana tena maksai, aliuza na shamba la mpunga la bondeni ili mwanawe apate nyumba ya kuolea, na hakupata kulima mpunga tena hadi alipokufa.

Miaka ishirini na miwili Serafina alikuwa mke wa mtu wa hadithi, na dhahabu ya hadithi hiyo haikuwahi kuwapo. Mwanawe alikuwa ameshuka shimoni kuifuata.

Hapo Ngusa akasogea mbele. Alimwendea Serafina, akapiga goti, akasema Stanslaus alimpigia simu wiki iliyopita kwa laini mpya. Alitaka atajwe jina katika wimbo unaofuata, akishapata dhahabu. Ngusa aliipiga namba hiyo, akafungua spika ya simu wote wasikie, akampa Serafina. Serafina hakuipeleka sikioni. Alikwenda nayo hadi kwa mumewe, akaibandika kiganjani mwake.

"Mwambie," alisema.

"Stanslaus," Donatus aliita.

"Shikamoo, bhabha." Nyuma ya sauti ya kijana ilisikika mitambo ya kusaga mawe. "Usinikasirikie. Leo ni siku ya hamsini na nane, na wewe ilitoka siku ya arobaini. Niambie, nimekosea wapi?"

Donatus aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Haikutoka, mwanangu. Siku ya arobaini nilikuwa mgonjwa. Haikutoka kabisa. Niliwadanganya wote."

Kijana akashusha sauti.

"Bhabha, usiseme hivyo, wenzangu wananisikiliza. Wanne hawa niliwaleta mimi, nikawaapia kwa jina lako. Enock yuko chini sasa hivi."

Justa aliinuka kutoka miongoni mwa wanawake. Alimtazama Serafina kama mtu aliyeamshwa ghafla usingizini.

"Chini wapi, Mama Stanslaus?" aliuliza. "Enock wangu yuko dukani Songwa. Chini wapi?"