Matundu ya Upepo

Glenys alipanda darini na ndoo nyingine. Chumba alichokijenga huko na mumewe miaka iliyopita sasa kinalaza binti yao Nerys na mwanawe mwenye kifua kibovu. Nje hakuna hata tone la mvua, na bado dari inadondosha maji juu ya kitanda cha mtoto.

"Paa halivuji, mama Nerys!" mumewe Emrys alimaka. "Vigae vyote nimebadilisha."

"Basi nani anayetulilia, baba Nerys? Malaika?"

Glenys akabandua ubao pale paa linapokutana na ukuta. Sufi ya kuzuia baridi ilikuwa imeshindiliwa ikaziba matundu yote ya upepo. Pumzi zao na mvuke wa nguo walizoanika ndani vilipanda, vikakosa pa kutokea, vikageuka maji kwenye mbao baridi.

"Nilitaka mtoto asipigwe na upepo," Emrys alisema kwa sauti ndogo.

Glenys aligusa boriti. Kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa.

"Nerys! Mbebe mtoto mshuke! Sasa hivi!"

Emrys akabaki akiing'oa sufi kwa kucha, utadhani upepo utazirudisha mbao zilizokwisha oza.