Hodi kwenye Anwani ya Zamani

Hebu nitegulie hiki, wewe unayenisikiliza: mgeni anapiga hodi mara saba, mwenye nyumba yu hai na masikio anayo, mbona haitikiwi? Usinijibu upesi. Kaa nacho kwanza.

Yasinta alikaa nacho tangu asubuhi, sebuleni kwake Mkonze, goti likimcheza chini ya meza. Jana, kwa kupitia API, njia ya programu kuagizana na programu, aliliwekea webhuku ghala la mtandaoni la msimbo wa programu za ofisi yao: mwenzake akiingiza kazi mpya, ghala lenyewe libishe hodi kwenye kompyuta yake, asihangaike kuliuliza kila dakika. Jana hodi zilifika. Leo kimya.

"Yasinta, baba yako amepiga simu?" Bibi Paulina aliuliza, ungo wa majani ya mlenda mapajani.

"Hajapiga, bibi."

"Miaka tisa machimboni! Hivi anajua tumehama Mlali?"

"Ngoja kwanza, bibi. Hiki kitu kinanitoa jasho."

Hakusema uongo. Baba hakupiga, aliandika. *Nakuja nyumbani Jumatano.* Yasinta aliusoma ujumbe ule Jumapili, akaikumbuka miaka yote tisa, akailaza simu kifudifudi. Na leo ndiyo Jumatano.

Akafungua kumbukumbu za ghala. Hodi saba, kila moja na saa yake, kila moja na alama nyekundu. Alfajiri umeme ulikatika. Uliporudi, kompyuta ikapata anwani mpya ya mtandao, na ghala halikuambiwa.

"Ghala limebisha mara saba kwenye anwani ya zamani," akanong'ona.

"Mara saba?" Bibi akacheka. "Na usomi wake wote huo!"

"Linakwenda lilikoelekezwa, bibi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Basi usiligombeze. Lenyewe limefanya adabu, limekuja na hodi."

Yasinta hakucheka. Akatuma anwani mpya kwa amri moja tu. Alama ikageuka kijani. Kazi imekwisha. Lakini machoni mwake ulisimama mlango wa Mlali, kufuli walilofunga wao wawili, na mtu mwenye begi begani akibisha, akingoja, akibisha tena.

Bibi alikuwa akimtazama.

"Umeshatengeneza. Mbona goti bado linacheza?"

Yasinta akaigeuza simu, kioo kikatazama juu.

"Hajui, bibi," akasema. "Hajui kama tumehama. Mimi sikumwambia."