Si Saratani

"Pandisha barakoa yako," mama mkwe alisema bila kugeuka. "Watu wanakuja kununua tofu, hawaji kukutazama vipele."

Pi-yun akaipandisha. Tangu aolewe na kuletwa kwenye kibanda hiki cha soko la Chiayi, mahali pake palikuwa nyuma, penye mvuke wa soya inayochemshwa kuwa tofu, ili uso wake usiwakimbize wateja. Vipele vile vyekundu vya puani na mashavuni ni maradhi ya kuzaliwa nayo. Havijapata kumwambukiza mtu.

Kwa maradhi hayohayo, figo zake nazo zilikuwa na uvimbe, zote mbili. Daktari alimweleza taratibu: si saratani, ila ukikua mishipa yake huweza kupasuka, kwa hiyo asiinue vizito. Nyumbani walisikia maneno mawili tu, si saratani. Mumewe akashusha pumzi, akawasha televisheni. Mama mkwe akauliza, kama si saratani, ni nini basi, uvivu? Kesho yake mawe ya kukandamizia tofu yalikuwa yakimngoja palepale.

Akayainua, mpaka asubuhi moja ya baridi ubavu ulipomchoma kama kisu na jiwe likamponyoka. Hospitalini waliuziba mshipa uliokuwa ukivuja, wakamwongezea damu. Aliporudi sokoni, majirani walimpa pole ya mawe ya figo. Mama mkwe ndiye aliyeutangaza uongo huo, maana Yi-chun, binti pekee wa Pi-yun, alikuwa amechumbiwa, na mgongoni ana mabaka meupe yenye umbo la jani, alama ya maradhi yaleyale ya mama yake; wakwe hawajayaona.

Sasa Yi-chun alikuwa mbele, akiwafungia wateja tofu.

"Mama, huyu naye akapimwe figo," Pi-yun alimwambia mama mkwe.

"Akishaolewa."

"Apasukie kwa watu?"

"Punguza sauti. Ukimpima na wakasikia, nani atamchukua?"

Pi-yun alikuwa ameshika kitambaa cha kuchujia. Akakikamua mpaka vidole vikamuuma, akakitupa ndani ya ndoo. Akapita mbele, penye foleni, akaivua barakoa. Mama mmoja akarudi nyuma hatua moja.

"Sikuwa na mawe ya figo," aliwaambia. "Nina ugonjwa wa kuzaliwa nao, ndio huu mnaouona usoni. Hauambukizi. Na tofu mnayoila miaka yote hii naitengeneza mimi."

Mama mkwe aliita jina lake mara moja, kwa sauti ya chini, kama anayemwita mtoto mbele ya wageni.

Yi-chun alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akafungua aproni yake.

"Twende, mama," alisema.

Hospitalini, mhudumu wa chumba cha kupigia picha za figo alimwingiza Yi-chun, akamwomba Pi-yun asubiri nje. Mlango ukafungwa. Viti vilikuwa vitupu, lakini hakukaa. Alisimama akiwa amelikumbatia koti la binti yake, ambalo lilikuwa bado na joto.