Mpaka Mama Aseme Toa

Katika nyumba yetu hakuna mtu aliyewahi kuangalia oveni. Tunatia keki, tunatia mikate, tunafunga mlango wake, tunaondoka zetu. Kuangalia ni kazi ya Mama, na Mama mwenyewe haangalii, ananusa. Atakuwa chumbani anakunja nguo, au getini anabishana na muuza mayai, ghafla unasikia sauti: "Toa!" Unatoa, na keki imeiva vile inavyotakiwa. Akisema "Geuza!" unageuza, humuulizi amejuaje. Kioo cha oveni kilishakuwa cheusi tii tangu sijui lini, na namba za kwenye kitasa cha kupandisha na kushusha moto zimefutika zote. Kuna mteja aliwahi kumletea zawadi ya saa ya jikoni, ile inayolia kengele muda ukitimia. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, kisha akaifanya kizuizi cha mlango wa stoo.

Maisha yake yote ameoka keki za harusi na za siku za kuzaliwa, na wateja walimbatiza Mama Pua. Hakuwahi kulichukia jina hilo. Pua hiyo ndiyo iliyotulea mimi na kaka yangu baada ya Baba kufariki, ndiyo iliyolipa ada na kupaka nyumba rangi. Sasa hebu fikiria mtu kama huyo aamke siku moja asisikie harufu ya kitu chochote.

Yalianza kama mafua tu. Homa ikaja ikaondoka, kikohozi kikaja kikaondoka, kumbe kimeondoka na pua. Mama alikuwa anamenya chungwa asubuhi, akalinusa, akalinusa tena, akanigeukia. "Kitinda, hili chungwa ni la plastiki?" Kitinda ndiyo mimi, kitinda mimba, japo nina duka langu la ushonaji na watoto wa mtaa mzima wananiita shangazi. Nikacheka, nikadhani ananitania. Nilipomtazama vizuri nikaona amelirudisha puani, hacheki.

Chakula bila harufu kumbe si chakula. Uji akasema ni gundi. Supu akasema ni maji ya moto yaliyodanganywa. Anaonja vijiko viwili, anasukuma bakuli. "Nimeshiba." Umeshiba nini, Mama, upepo? Nimembembeleza, nimemfokea, nimejifungia chooni nikalia mpaka kichwa kikaniuma. Wala haikusaidia. Magauni yakaanza kumpwaya, na mimi ndiye fundi cherehani wa nyumba, nikayapunguza kiunoni. Yakapwaya tena, nikapunguza tena. Aliponiletea mara nyingine nikalirusha gauni kitandani nikamwambia sipunguzi, ale mpaka lijae. Alilivaa vile vile, amelibana kiunoni kwa pini ya nepi.

Ijumaa tukaenda kwa daktari. Ni mtu mpole, anaongea chini chini utadhani kuna mtoto kalala chumba cha pili. Akampima uzito, akatikisa kichwa. Akasema pua inaweza kurudi na inaweza isirudi, hilo hawezi kutuahidi, ila mwili hauwezi kuingoja pua. Kama mpaka Jumatatu bado hali chakula, basi alazwe na apitishiwe chakula kwa mpira wa puani.

"Puani?" Mama akauliza. "Pua imekufa, daktari. Maiti naye mnamwekea mpira?"

Daktari akacheka. Mama hakucheka. Njiani kurudi akaniambia hospitali haendi, na kwamba akiingia mle hatatoka. Sasa, mimi ninamjua mama yangu. Akisema haendi, hata umbebe na godoro lake, haendi.

Hiyo ndiyo Jumamosi niliyoamka nayo, roho juu juu, sijui nianzie wapi. Mchana akaja kaka yangu na mkewe. Kaka ni fundi wa kuchomelea mageti, tunamwita Cheche, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Wifi yangu ni karani wa ofisi, maneno yake ni mengi na vicheko ni vingi zaidi, na mimi na yeye hatukutani bila kurushiana vijembe. Alikuwa amekumbatia mfuko mkubwa.

"Umebeba nini?" nikamuuliza.

"Skonzi. Jana tulikuwa tunamuaga bosi, zimebaki."

"Wifi, mgonjwa hata uji haumpiti, wewe unamletea skonzi?"

"Mkono mtupu haulambwi. Ulitaka nije na maneno?"

"Maneno ungekuja nayo tu, hayo hayakuishii."

Tukacheka wote wawili. Nilikuwa nimesahau kifua kinavyokuwa chepesi mtu akicheka.

Zilikuwa skonzi zile laini za sukari, zilizookwa zimebanana ubavu kwa ubavu, juu zinang'aa, ukizibonyeza zinajaa tena. Wifi akaziweka mezani, akaniambia alichokuwa anawaza tangu jana. Tuzipake siagi yenye kitunguu saumu na chumvi, tuzitie oveni kidogo, basi.

"Mama kapoteza pua, hajapoteza ulimi," akasema. "Ulimi unajua chumvi, unajua utamu. Hizi ni laini, hazimkwaruzi koo, na siagi ina nguvu. Akila hata mbili, Jumatatu tuna cha kumwambia daktari."

Nikafunga aproni.

Siagi ilikuwa ngumu kama tofali. Nikaiweka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, ilainike bila kuyeyuka. Wifi akamenya vitunguu saumu, punje nyingi, akavitwanga kwenye kinu pamoja na chumvi mpaka vikawa rojo. Mimi nikakatakata majani ya giligilani. Tukavuruga vyote pamoja. Nilitaka kuzitenganisha skonzi, akanipiga kofi la mkono.

"Ziache zishikane. Zikitengana zinakauka. Kata mistari juu, usifike chini, halafu jaza siagi humo ndani."

Nikakata, yeye akajaza kwa kijiko, iliyobaki akaipaka juu. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kiasi kwamba niliona aibu kwa zile supu zote nilizohangaika nazo.

Cheche akasema moto ni wake. "Fundi wa moto humu ndani ni nani?" Akaiwasha oveni, akazungusha kile kitasa kisicho na namba mpaka mwisho. Nikatia trei. Tukafunga mlango wa oveni, na kama ilivyo desturi ya nyumba hii, tukaipa mgongo.

Hapo ndipo Cheche alipoharibu mambo.

"Jumatatu nakuja na gari asubuhi," akasema. "Akikataa, nambeba."

"Humbebi."

"Nambeba, Kitinda. Bora anichukie akiwa hai."

Wee! Nilipandwa na hasira zote za tangu lile chungwa. Nikamwambia yeye anakuja Jumamosi kwa Jumamosi kama mgeni, anapewa chai, anaondoka, mimi ndiye ninayepunguza magauni, mimi ndiye ninayemsikia usiku anavyojigeuza. Na yeye akapandisha, akaniambia kulia si dawa, na kwamba kama ningemwita mapema tusingefika hapa. Wifi akasimama katikati yetu na kijiko mkononi. "Jamani, anawasikia. Jamani, taratibu." Nani atasikia taratibu? Chumba cha Mama kiko mwisho wa ukumbi, na tangu asubuhi alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Nilijua anasikia kila neno, nikashindwa kunyamaza. Jikoni kulijaa harufu ya siagi na kitunguu saumu, nzuri mno, lakini sisi tulikuwa ndani yake, tunagombana ndani yake. Pua zetu hazikuwahi kufundishwa kazi, siku zote zilikuwa na bosi.

"Toeni!"

Cheche alikuwa katikati ya neno.

"Toeni, zinaungua hizo! Mmelala?"

"Tunatoa, Mama!" tukaitikia sote kwa pamoja, kama tulivyoitikia tangu utotoni, hata wifi. Cheche akaruka kuzima moto. Wifi akasogeza sufuria, mimi nikachukua kitambaa nikavuta trei. Juu zilikuwa kahawia, za pembeni zimeshaanza kuwa nyeusi. Bado kidogo tu zingekuwa mkaa.

"Wewe na moto wako," nikamwambia Cheche.

"Zimewahiwa," akasema, akaninyoshea kisu nikwangue.

Ni wifi aliyesimama kama nguzo, mkono mdomoni. Yeye hakukulia nyumba hii.

"Wifi," akaniambia polepole. "Nani kasema toeni?"

Nikaiachia trei. Ikaanguka mezani kwa kishindo, namshukuru Mungu ilikuwa mezani. Nikamtazama Cheche, Cheche akanitazama, mdomo wazi. Mtu huyu anatazama cheche za moto mchana kutwa, haponyokwi hata na chozi, lakini macho yake yalikuwa yamejaa na hata hakuyafuta. Tukakimbilia ukumbini, tukabanana mlangoni kwa Mama mimi na yeye, mabega kwa mabega, tukashindwa kupita. Wifi akatusukuma kwa nyuma tukaingia kama mizigo.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja unatafuta kandambili, kiganja ameweka juu ya pua kama aliyekamata ndege anaogopa asiruke.

"Kitinda," akasema. "Kuna kitunguu saumu."

"Kipo, Mama."

"Siagi siisikii. Nasikia kitunguu saumu, na nasikia kuungua."

"Kuungua kupo, Mama. Kwingi tu."

Akatutazama mmoja mmoja. "Nani kawasha moto mkubwa hivyo?"

Cheche akanyosha mkono kama mtoto wa shule.

"Nilijua," Mama akasema, akaanza kulia, na sisi tukaanza. Nilipiga magoti nikamkumbatia miguu na gauni lake la pini, nikalia kwa sauti, sikujali majirani. Ningewaambia nilikuwa najisikiaje, lakini sijui neno. Ilikuwa kama nilikuwa nimebeba ndoo kichwani tangu lile chungwa na mtu amekuja kunitua.

Alikuja jikoni mwenyewe, wifi akimshika mkono. Akaketi, akavuta trei, akachomoa skonzi moja ya katikati, ile laini, siagi ikamchuruzika kidoleni. Akainusa muda mrefu. Akamega, akatafuna, akafumba macho.

"Ni tamu," akasema.

"Ni za sukari, Mama," wifi akajibu, sauti ndogo.

"Na chumvi imepungua."

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini, mwanangu? Mimi nafurahi nimejua imepungua."

Akamaliza hiyo. Akachukua nyingine. Nilisimama nimeshika kiti, namhesabia moyoni kila anapomega, nikiogopa kusema neno nisije nikamkatisha. Halafu akanyosha kidole kwenye ya pembeni, ile nyeusi tuliyotaka kuitupa. "Nipe hiyo. Hiyo naisikia zaidi." Nikampa. Akaila yote pamoja na weusi wake, akaramba vidole.

Nilimpigia simu daktari nikamweleza, maneno yananigongana. Akaniambia pua hurudi kwa kunyata, nisitegemee yote siku moja, na Jumatatu tumpeleke apimwe vile vile. "Lakini kama anakula hivyo," akasema, "kitanda changu sitakiandaa." Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu Ijumaa. Nilipomwambia Mama, akasema daktari apelekewe skonzi, ila zisizoungua, tusije tukamwaibisha.

Kwenye mfuko wa wifi zilikuwa zimebaki skonzi za kutosha trei nyingine. Wifi akachanganya siagi nyingine, chumvi akaizidisha, tukapaka, tukajaza. Cheche tulimfukuza kwenye kitasa, akawasha Mama mwenyewe, akasikiliza moto, akaurudisha nyuma kidogo, akaenda kujilaza kwenye kochi la sebuleni. Nikatia trei, nikafunga. Wifi akatoa simu yake.

"Naweka ilie, wifi, safari hii tusicheze."

Nikaichukua ile simu nikaitia mfukoni mwa aproni yangu.

Tukakaa mezani watatu, hakuna aliyegeuka kuitazama oveni. Harufu ikaanza kutambaa, ikajaa jikoni, ikatoka ukumbini. Mimi naijua sasa, nimeisikia vizuri, nilikuwa nainusa kwa nguvu zangu zote.

"Zitaungua," wifi akanong'ona.

"Ziungue."

"Wifi!"

"Nyamaza, nakuambia. Ngoja."

Cheche alikuwa amekamata ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Kule sebuleni kochi likalia kidogo, kama mtu anayejigeuza.

"Geuza trei!" Mama akasema.

Nikageuza, nikafunga mlango wa oveni, nikarudi kukaa, nikangoja aseme toa.