Sailensa Iliyooza kwa Ndani

Tangu kiharusi kimwangushe mumewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mmoja alijiwekea desturi. Kila Jumapili asubuhi alimsogeza na kiti chake hadi dirishani, akatoka uani, akaifunua ile pikipiki kuukuu ya mumewe na kuipiga kiki. Kuiendesha hakujua. Aliiacha ingurume kidogo, akaizima, kisha akasugua kromu hadi akaona meno yake mwenyewe. Mumewe alisikiliza tu. Ulimi wake ulikuwa mzito, na maneno yaliyombakia yalihesabika.

Jumapili moja mzee alitikisa kichwa. Iliyofuata, akatikisa tena, uso umekunjamana.

"Umeichoka, baba watoto?"

"Ma... ji," alisema.

Akaletewa jagi. Akalisukuma kando.

Haukupita muda, pikipiki ilipowashwa ililia kama trekta, na nusu ya sailensa, lile bomba la moshi, ikadondoka chini. Kuku wa jirani wakatimua mbio.

Aliitwa fundi wa kuchomelea, mtu mnene aliyepewa jina la Taratibu kwa kuwa haraka hakuijua. Aliokota kile kipande, akakigonga kwa spana. Unga mwekundu ukamwagika.

"Uzuri wa mkakasi," alisema, "ukipata maji basi."

"Maji yatoke wapi? Naifunika, hata umande hauigusi."

"Si ya mvua, mama. Petroli ikiungua hutoa mvuke. Pikipiki ikienda safari, bomba linachemka, mvuke unatoka wote. Ukiiwasha kidogo na kuizima, mvuke unageuka maji humo humo, yanachanganyika na moshi, yanakuwa makali. Yanalila bati toka ndani. Wewe huku nje unang'arisha."

"Kwa hiyo niliyeiozesha ni mimi."

Taratibu aliangalia pembeni. "Chuma hakikosi cha kukila, mama."

Mama aliingia ndani, akasimama mbele ya mumewe. "Maji. Kumbe ulikuwa unaniambia."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Mdomo ukaenda upande, bega likaanza kutikisika. Mkewe alidhani maradhi yamerudi, akamshika mkono, kumbe anacheka. Akalikumbuka lile jagi, naye akacheka, huku machozi yakimtoka.

Fundi alikata palipooza, akachomelea bati jipya, akatoboa tundu dogo chini ili maji yapate njia. Akaacha sharti moja: itembezwe mpaka ipate moto kwelikweli, au isiwashwe kabisa.

Aliyeweza kuitembeza alikuwa mmoja, wifi wa mama huyo, dada wa mumewe, mkunga aliyezoea kufuata wajawazito kwa pikipiki. Lakini hao wawili hawakuwa wakisemeshana. Mgonjwa alipotoka hospitali, wifi alitaka akauguzwe kwake. Mke akakataa, na maneno yaliyotoka siku hiyo hayakuwa ya kurudiwa. Hata hivyo alipiga simu.

"Wifi, bado unaendesha?"

"Nilijua umenifuta kwenye simu yako."

"Nilikufuta. Namba yako iko kichwani."

"Nakuja," wifi alisema.

Mgonjwa akaachiwa jirani. Mke alipanda nyuma, akamkumbatia wifi yake kiunoni kama anayeogopa kuzama. Walipita mitaa ya mjini, wakashika barabara ya mlima. Mwanzoni tundu lilidondosha matone meusi. Walipofika kileleni lilikuwa kavu, na bomba halishikiki. Wifi alizima injini. Wakakaa kwenye majani.

"Anakula vizuri?" wifi aliuliza hatimaye.

"Uji anakula. Nyama anaitema."

"Alikuwa hivyo toka mtoto." Wifi akasimama, akajipangusa. "Haya, hamia mbele. Mimi nitakaa nyuma."

"Umechanganyikiwa?"

"Hamia, bibi wee."

Mke alianguka mara mbili kwenye nyasi, akachubuka kiwiko. Waliporudi, jirani alikuwa amenuna na mgonjwa amelala fofofo. Wifi hakuwa na haraka ya kuondoka. Aliomba mkasi, akaketi sakafuni, akaanza kumkata kaka yake kucha za miguu.