Insha Isiyo na Kidonda

Insha ya kwanza ya Renetta Gaines ilihusu boila ya kupasha joto kanisa letu. Niliisoma ofisini nikacheka peke yangu, kwa sababu naijua hiyo boila, chuma kikongwe kinachokohoa kila Jumapili ya Januari mpaka mchungaji anapoteza mstari. Aliyekuwa akiituliza ni msichana huyu wa miaka kumi na saba. Alieleza alivyojifunza kujua kwa sikio tu kwamba maji yamepungua. Alitaka kusomea uhandisi katika Chuo cha Harwick, na hakutaka kwingine.

Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika sekondari moja magharibi ya mji wa Dayton, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kazi yangu ni kuwaingiza watoto wetu weusi vyuoni. Nilidhani nimeshaona uchafu wote wa kazi hii.

Akaja Dexter Plummer, mtu wa Harwick wa kutafuta wanafunzi, mweusi mwenzetu, suti imemkaa. Aliisoma insha akiwa amesimama, akaniambia ni nzuri ila haitafika. Zamani fomu ya kuomba chuo ilikuwa na kisanduku cha rangi ya ngozi: mtoto anatia alama, chuo kinajua ni mweusi, kinamfikiria. Mahakama ya juu kabisa ya nchi imekipiga marufuku. Kilichoruhusiwa ni mtoto kueleza mwenyewe, ndani ya insha, rangi yake imemfanyia nini maishani.

"Bi Hightower, umebaki mlango huo mmoja," alisema. "Hii ya boila hata mtoto wa Kizungu angeiandika. Haina kidonda. Huyu si alikuwa na kaka?"

Ningemfukuza pale pale. Badala yake nilimwita Renetta. Kaka yake, Deshon, aliuawa kwa risasi na polisi aliyemsimamisha barabarani kwa sababu ya taa mbovu ya nyuma. Mtaa mzima unajua.

"Kwani boila ina ubaya gani?" aliniuliza.

"Haina ubaya, mwanangu. Unataka kuingia au hutaki?"

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Aliandika kwa siku mbili. Aliandika kwamba mama yake hajakubali laini ya simu ya Deshon ikatwe. Kila jioni anajifungia bafuni, anafungulia bomba ili asisikike, kisha anaipiga ile namba apate kumsikia mwanawe, kwa sauti aliyoirekodi alipokuwa hai, akisema hayupo, acha ujumbe. Mama hakujua kwamba binti anasikia. Nami nikasahihisha nukta na mikato, nikamshauri habari ya bomba aipandishe juu, iwe ndiyo mwanzo.

Machi alikubaliwa. Tulikumbatiana mpaka miwani yangu ikaanguka.

Aprili, Plummer akapiga simu. Chuo kinawaandalia wakubwa chakula cha mchana, Renetta asome insha yake, na mama aje. Renetta aliuliza kama ni lazima. Plummer akajibu kwamba hakuna anayemlazimisha, ila orodha ya wanaopewa ufadhili bado haijafungwa. Ningeweza kumtahadharisha mama yake. Nilijiambia huenda asijali, nikanyamaza.

Meza ya mbele alikaa Mheshimiwa Grady Stoltz, seneta aliyeupigania muswada wa kufunga ofisi za wanafunzi weusi katika vyuo vya jimbo. Harwick waling'oa kibao cha ofisi yao siku ile ile sheria ilipopita. Sasa walikuwa wakimwongezea pai ya matunda ya pichi.

Renetta akasoma. Mama yake, Lucille, alikuwa amevaa kofia yake ya Pasaka, anatabasamu. Lilipotajwa bomba, akaweka uma chini. Ilipotajwa simu, mkono wake ukaufunika mkoba wenye simu uliokuwa mapajani, akabaki hivyo hadi mwisho.

Stoltz alifuta machozi kwa kitambaa cha meza, akawa wa kwanza kusimama na kupiga makofi. Kisha akashika kipaza sauti.

"Huyu ndiye ushahidi," alisema. "Mtoto mwenye bidii hahitaji upendeleo, wala ofisi."

Plummer alipiga makofi. Wakamwita mpiga picha, na yule mzee akamkumbatia Renetta begani. Mikono yangu nayo ilikuwa ikipiga makofi.

Lucille alinikuta nje, karibu na magari.

"Dada Vernell," aliniita kwa jina langu, kama tuitanavyo kanisani, "ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikuwa na kitu kimoja changu peke yangu," alisema. "Sasa hata yule anakijua, na mdomo umemjaa pichi."

Renetta aliniambia baadaye kwamba bomba halifunguliwi tena jioni. Ufadhili alipata. Septemba alikwenda Harwick, na picha yake na seneta ipo kwenye kijitabu cha chuo, ukurasa wa pili.

Oktoba akaja Shavonne Tibbs, mtulivu, mwenye akili kali. Insha yake ilihusu gauni la sherehe alilomshonea binamu yake kwa mapazia ya zamani. Niliisoma nikaiona kabisa ile nguo.

"Kwetu hakuna aliyekufa, Bi Hightower," alisema. "Nitaingia kweli?"

Nikamwambia insha ni nzuri sana, na nilisema kweli. Kisha nikachukua kalamu, nikajisikia nikimuuliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Bibi yako bado yuko hospitali?"