Ngazi ya Viti Arobaini

Kwa heshima zote anazostahili mwenzangu Mkogo, faili lake lilinitia kichefuchefu. Lilikuwa ramani ya viti vya mtihani: majina arobaini, safu nane, ya kubandikwa mlangoni kabla ya saa nne. Shangazi yangu, ambaye shuleni nalazimika kumwita Mwalimu, alikuwa amesema wazi: ikichelewa, ufunguo wa chumba cha kompyuta unatoka kwangu unakwenda kwa Mkogo.

Mkogo hakupanga viti. Alibonyeza kitufe cha nafasi tupu: nafasi, nafasi, nafasi, kama mtu anayetema mate kila hatua mbili. Kila safu aliifungulia alama ya wino mzito, ile inayofunguliwa mwanzoni na kufungwa mwishoni, asifunge hata moja. Hata bwenini kwetu, penye soksi zinazosimama zenyewe, hatujafikia hapo.

"Wewe ulilelewa wapi?" nikamuuliza.

"Inasomeka, bwana. Usiiguse."

Nikaigusa. Kihariri chetu, programu ya kuandikia, kina amri ya kupanga upya: hufuta nafasi za ziada, husoma alama, na kilichomo ndani ya alama hukisukuma kulia. Nikaibonyeza, nikahifadhi, nikafunga faili kwa madaha, nikachapa.

Ikatoka ngazi. Kwa kuwa hakuna alama iliyofungwa, kihariri kiliamini safu ya pili imo ndani ya ya kwanza, ya tatu ndani ya ya pili, hadi ya nane ikamwagika nje ya karatasi. Kwa ramani hiyo, watahiniwa watatu walikalishwa koridoni.

"Tendua, irudi ilivyokuwa," Mkogo akasema.

"Nimeshafunga."

"Hongera, Profesa."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Yeye peke yake ndiye aliyekumbuka kila safu inaanza baada ya nafasi ngapi.

"Nitakutajia," akasema, "ila chini uandike imepangwa na wewe. Jina kamili."

"Bora nilambe kibodi."

"Ilambe. Saa inakwenda."

Nikafunga alama zote nane. Kisha akaanza: "Nafasi kumi na moja. Sasa tatu. Sasa kumi na tisa, usibanie." Kidole gumba changu, ambacho hakikuwahi kunidhalilisha, kilipiga uchafu ule mmoja mmoja. Mwishoni nikaandika jina langu huku nimefumba jicho.

Zilibaki dakika nne Shangazi alipoibandika. Safu zilikuwa zimepinda waziwazi. Akasoma mpaka chini.

"Kumbe umepanga wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya. Ufunguo kaa nao."

Nyuma yangu Mkogo akapaza sauti: "Jamani, asiyeona kiti chake amuulize Profesa. Kazi ya mikono yake hiyo!"